Mateke ya pomboo chini ya maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na waogeleaji wa klabu, makocha wenzangu, na wazazi wanaokaa kando ya bwawa na simu mkononi wakipima muda. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: vijana wetu wengi wana mikono mizuri na pumzi ya kutosha, ila wanaachwa ukutani. Wanageuka sawa na mwenzao wa njia ya pili, halafu wakiibuka wanamkuta yuko mbele urefu wa mwili mzima. Pengo hilo linafundishika.

Mateke ya pomboo ni nini, na kwa nini makocha huyaita mtindo wa tano?

Ni kuogelea chini ya maji bila kuvuta mikono. Mikono imenyooshwa mbele, viganja vimepandana, miguu miwili imebanana, na mwili unapeleka wimbi kuanzia kifuani hadi kwenye vidole vya miguu. Hutumika baada ya kuruka kutoka jukwaani na baada ya kila mgeuko katika mtindo huru, mgongo na kipepeo. Mtindo wa kifua una sheria yake, nitaieleza mbele.

Jina la mtindo wa tano lina haki yake. Katika bwawa la mita 25, mwogeleaji anayetumia kila ukuta mpaka mwisho wa ruhusa, yaani mita 15, anaweza kuwa chini ya maji kwa mita 60 kati ya mita 100 za mbio. Hata katika bwawa la mita 50 ni mita 30. Huwezi kuacha kufundisha kitu kinachochukua sehemu kubwa hivyo ya mbio.

Kwa nini chini ya maji kuna kasi kuliko juu?

Juu ya maji mwili unatengeneza mawimbi, na kila wimbi linakula nguvu yako. Ukishuka nusu mita au zaidi, ukinzani huo wa mawimbi unapungua sana. Pia unapotoka ukutani au jukwaani ndipo una kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mbio, hakuna mkono wala teke litakalokupa kasi ile tena. Kazi ya mateke ya pomboo ni kuichelewesha kasi hiyo isife. Ndiyo maana mtu mwenye mateke mabaya anaweza kupoteza muda chini ya maji: alikuwa na kasi ya bure, akaivunja mwenyewe kwa magoti.

Sheria inaruhusu umbali gani?

Mita 15 kutoka ukutani, katika mtindo huru, mgongo na kipepeo. Kichwa lazima kiwe kimepasua uso wa maji kabla au kwenye alama ya mita 15, na alama hiyo utaiona kwenye kamba za njia, maboya yake yana rangi tofauti. Mwamuzi haangalii mikono wala miguu, anaangalia kichwa.

Sheria hii ina historia nzuri kuijua. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, Mmarekani David Berkoff alikuwa akiogelea takriban mita 35 za kwanza za mita 100 mgongo akiwa chini ya maji. Kwenye mchujo aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 54.51. Fainali ikachukuliwa na Mjapani Daichi Suzuki kwa 55.05, naye pia akiwa bingwa wa kukaa chini, na Berkoff akapata fedha kwa 55.18. Muda mfupi baadaye shirikisho la kimataifa likaweka kikomo cha mita 10 kwa mtindo wa mgongo, kisha mwaka 1991 kikaongezwa kuwa 15. Kipepeo kiliachwa huru kwa miaka kadhaa zaidi, na Mrusi Denis Pankratov akaitumia nafasi hiyo mwaka 1996 huko Atlanta: alishinda mita 100 kipepeo kwa rekodi ya dunia ya 52.27, akiwa amekaa chini kwa karibu nusu ya urefu wa kwanza wa bwawa. Mwaka 1998 kikomo cha mita 15 kikawekwa kwa kipepeo na mtindo huru pia.

Sheria ilibidi iwekwe kwa sababu njia hii ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Ushahidi mkubwa kuliko huo sijui utautoa wapi.

Teke moja lililo sahihi likoje?

Tulitazame polepole. Vidole vya mikono vimetulia kabisa, vinaelekea unakokwenda. Mkono mmoja uko juu ya mwingine, kidole gumba cha juu kimeshika ukingo wa mkono wa chini ili visiachane. Viwiko vimenyooka, mikono imebana kichwa karibu na masikio au nyuma yake kidogo. Macho yanaangalia chini, kidevu hakijainuliwa.

Mwendo unaanza chini ya mbavu. Kifua kinazama kidogo sana, kiasi kwamba mtu aliye juu anaweza asikione. Nyonga zinapanda. Magoti yanakunjika kidogo kwa kufuata, hayaanzishi kitu. Halafu nyonga zinashuka, paja linafuata, muundi unafuata, na mwisho wa yote nyayo zinachapa maji kuelekea chini na nyuma. Kabla nyayo hazijafika mwisho wa kushuka, nyonga zimeshaanza kupanda tena. Miguu imenyooka, misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja inabana, na nyayo zinasukuma maji kuelekea juu. Vidole gumba vya miguu vinagusana muda wote, visigino vimeachana kidogo.

Ukubwa wa mwendo unaongezeka kadiri unavyoelekea miguuni: mikononi sifuri, kifuani kidogo, nyonga kiasi, miguuni mkubwa. Mikono ikicheza juu na chini, mwili mzima unakuwa unapanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi, na maji yanakukinga kifuani badala ya kukupitia.

Kocha anapiga kelele kila siku: "Pandisha! Pandisha!" Ana maana gani?

Ana maana ya nusu ya teke inayosahaulika, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Kushusha miguu ni rahisi. Goti limeumbwa likunjuke kuelekea mbele, na misuli ya mbele ya paja ni mikubwa. Kupandisha ni kazi ya makalio, mgongo wa chini na nyuma ya mapaja, misuli ambayo mtoto anayekaa darasani siku nzima haitumii. Kwa hiyo wengi wanachapa chini kwa nguvu, halafu wanaiacha miguu irudi juu yenyewe, magoti yamekunjika, visigino vinaelekea makalioni. Katika muda huo mapaja yameshuka chini ya mstari wa mwili na yanasimama mbele ya maji. Ukitazama video ya mtu huyo utaona anakwenda, anasita, anakwenda, anasita.

Pomboo wenyewe, wale wanaoonekana Kizimkazi na kwingineko katika pwani yetu, mkia wao unasukuma maji ukipanda na ukishuka. Sisi hatuna mkia wenye umbo sawa pande zote mbili, kwa hiyo hatutapata usawa kamili, lakini pengo kati ya nusu hizi mbili linaweza kupunguzwa sana. Kwenye kila zoezi jiulize: miguu yangu ilipanda ikiwa imenyooka, au nimeirudisha kwa kukunja magoti?

Nianze kupiga mateke lini baada ya kusukuma ukuta, na niende kina gani?

Usianze mara moja. Unapotoka ukutani kasi yako ni kubwa kuliko inayoweza kuletwa na mateke yako, kwa hiyo teke la kwanza likija mapema linafanya kazi ya breki. Jinyooshe, jihisi unateleza, na pale tu kasi inapoanza kushuka, teke la kwanza liwe limeshaanza. Kwa waogeleaji wazuri hiyo huwa ni kasi ya karibu mita 2 kwa sekunde. Kwa mtoto wa klabu, sema ateleze chini kidogo ya sekunde moja, kisha aanze. Kosa la upande wa pili lipo pia: kuteleza mpaka umesimama, halafu kuanza kujivuta upya.

Kina kiwe nusu mita hadi mita moja. Sukuma ukuta ukiwa tayari chini, mwili umelala, si kwa kuelekea chini halafu kupanda. Kupanda kuanze mateke mawili au matatu kabla ya kuibuka, kwa pembe ndogo, na teke la mwisho liungane na mvuto wa kwanza wa mkono. Ukiibuka kwa ghafla kama kizibo, kasi yote inaishia hewani.

Nipige mateke mangapi?

Hakuna namba ya watu wote, na tafadhali usinakili namba ya bingwa uliyemwona kwenye televisheni. Ipo namba yako, na inapatikana kwa saa.

Fanya hivi. Kocha asimame kwenye alama ya mita 15. Sukuma ukuta, piga mateke matatu, ibuka, ogelea kwa kasi ya mbio mpaka kichwa kipite alama. Muda unahesabiwa tangu miguu inapoachana na ukuta. Pumzika vizuri, rudia kwa mateke matano, kisha saba, kisha tisa. Andika yote. Rudia siku nyingine ukiwa na mwili mpya, kisha siku ya tatu ukiwa umechoka. Muda mdogo kuliko wote ndio unaokuambia idadi yako ya sasa. Kwa vijana wengi wanaoanza huwa ni mateke machache kuliko walivyotarajia, na hilo lisiwakatishe tamaa: bora mateke manne yenye kasi kuliko tisa yanayokufa. Baada ya miezi miwili mitatu ya mazoezi pima tena, idadi itakuwa imepanda.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kaa chini maadamu una kasi kuliko ungekuwa unaogelea juu. Ikilingana, ibuka.

Makubwa ya polepole au madogo ya haraka?

Madogo ya haraka, lakini si madogo kiasi cha kutetemeka. Waogeleaji wa kiwango cha juu hupiga takriban mateke mawili hadi matatu kamili kwa sekunde. Ukipiga makubwa sana, magoti yanazama na miguu inatoka nje ya njia ambayo mwili umeshaifungua kwenye maji. Ukipiga madogo mno, hushiki maji yoyote. Mtu mrefu mwenye nyayo kubwa atapenda mwendo mpana kidogo. Mfupi atalazimika kuongeza mwendo wa haraka.

Vifundo vyangu vya miguu ni vigumu. Nimekosa bahati?

Hapana, ila una kazi ya ziada ya nyumbani. Kifundo kinachonyooka mpaka mguu ulingane na muundi kinageuza wayo kuwa pezi. Kisichonyooka kinaufanya wayo kuwa kama ndoana inayokokota maji. Piga magoti kwenye mkeka, nyosha migongo ya nyayo ilale chini, kalia visigino taratibu kwa nusu dakika. Ukishazoea, weka mikono nyuma na uinue magoti kidogo kutoka kwenye mkeka. Fanya kila jioni. Maumivu ya kuvutika ni ya kawaida, maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo siyo, ukiyapata acha. Waliowahi kuteguka kifundo wamwone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwanza.

Mabega nayo yasisahaulike. Simama, weka mgongo ukutani, inua mikono katika mkao ule wa kujinyoosha. Kama mikono haifiki ukutani bila mgongo wa chini kujipinda, hapo ndipo ukinzani wako unapoanzia.

Nifanye mazoezi gani bwawani?

La kwanza ni kupiga mateke ukiwa wima kwenye kina kirefu, mikono imekunjwa kifuani, kichwa juu ya maji. Sekunde 15 za nguvu, sekunde 30 za kupumzika, mara sita hadi nane. Uzuri wake ni kwamba linakusema lenyewe: mwili ukihama kwenda upande mmoja badala ya kubaki pale pale, nusu moja ya teke inaizidi nyingine. Ukiweza, inua mikono juu ya kichwa. Ni gumu sana, na linafaa sana.

La pili ni kupiga chini ya maji ukiwa chali. Hapo uzito wa kazi unageuka, na unaziona nyayo zako zikikaribia uso wa maji. Toa hewa puani polepole ili maji yasiingie. Uso wa maji ukichemka juu ya miguu bila kupasuka, uko kwenye kina kizuri.

La tatu, ninalolipenda kuliko yote, ni la ubavu. Lala upande wa kulia kwenda, wa kushoto kurudi, mita 10 hadi 12 chini, zilizobaki ogelea kwa utulivu. Ukiwa ubavuni hakuna juu wala chini ya kukudanganya, na mistari ya sakafu inakuonyesha mara moja kama unapinda. Mwili ukipinda kuelekea tumboni au mgongoni, nusu moja ya teke imelala. Nane za mita 25, pumziko la sekunde 30 hadi 40.

Lakini yote haya hayana maana kama kwenye mazoezi ya kawaida unatoka ukutani bila teke hata moja. Kila ukuta wa kila siku uwe na mateke yasiyopungua matatu yenye mkao kamili, hata ukiwa unapasha mwili. Mtu anayeogelea kilomita 3 kwenye bwawa la mita 25 anagusa ukuta mara 120. Hilo ndilo zoezi lake kubwa, kabla hata hajapewa la ziada.

Mapezi ya kuvaa miguuni yanasaidia?

Mafupi, ndiyo. Yanakufanya uyasikie maji pande zote mbili za teke na kukupa kasi ambayo mwili unaijifunza. Marefu yanapunguza mwendo mno na kukuzoesha kupiga makubwa. Yatumie kwa robo ya kazi, kisha yavue papo hapo na urudie zoezi lile lile kwa miguu mitupu.

Nifanyeje ili pumzi inishike zaidi chini ya maji?

Hapa nisome kwa makini. Kamwe usivute pumzi nyingi za haraka mfululizo kabla ya kuzama. Kinachokulazimisha kutafuta hewa ni kujaa kwa kaboni dioksidi mwilini, si kupungua kwa oksijeni. Ukipumua kwa pupa unaifukuza kaboni dioksidi, kengele ya hatari inazimwa, oksijeni inaendelea kushuka, na unazimia bila kuhisi dalili yoyote. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo katika mabwawa yenye watu.

Kwa hiyo: usifanye peke yako, pawepo mtu nje ya maji ambaye kazi yake ni kukuangalia wewe tu, pumzika mpaka upumuaji urudi kawaida, na pasiwe na mashindano ya nani atakwenda mbali bila kuibuka. Kocha anayewapa watoto adhabu ya kuvuka bwawa zima chini ya maji aache leo. Mbio hazihitaji zaidi ya mita 15. Pumzi ya kutosha kwa mita hizo inakuja na mazoezi ya kawaida, na mateke yakiwa mazuri unazimaliza kwa sekunde chache.

Mwanangu ana miaka tisa. Ni mapema mno?

Si mapema, mama, mradi iwe mchezo. Aanze na mikono ubavuni, akihisi wimbi likitoka kifuani, kisha mikono mbele. Mateke matatu mazuri kila ukuta yanamtosha. Umri huu vifundo ni laini na mwili unaiga haraka. Asipewe mapezi marefu, wala asihesabiwe muda wa kukaa chini.

Mbio za mita 200 nikichoka mateke ndiyo ya kwanza kuniishia. Nifanye nini?

Tazama video ya fainali ya mita 200 kipepeo ya Olimpiki ya Paris, 31 Julai 2024. Kristóf Milák wa Hungaria, mwenye rekodi ya dunia, aligeuka ukuta wa mwisho akiwa mbele ya Léon Marchand wa Ufaransa. Marchand alibaki chini kwa muda mrefu, wakati ambao kila mtu mapafu yake yanalia, na alipoibuka pengo lilikuwa karibu limekwisha. Alishinda kwa 1:51.21, Milák 1:51.75. Usiku huo huo akashinda na mita 200 kifua. Mwaka mmoja kabla, kwenye mashindano ya dunia ya Fukuoka, Japani, Marchand alikuwa ameifuta rekodi ya Michael Phelps ya mita 400 za mitindo minne kwa muda wa 4:02.50.

Uwezo wa ukuta wa mwisho hutengenezwa kwa kuupanga. Amua idadi kabla ya mbio, kwa mfano sita, tano, tano, tano, na uiheshimu hata mwili ukilalamika. Mazoezini, rudio la mwisho la kila seti ndilo liwe na mateke mengi kuliko mengine. Ukianza na mateke tisa halafu ukamaliza na mawili, utakuwa umetumia pumzi vibaya pande zote mbili.

Klabu yetu haina bwawa la mita 50, mara nyingi tunatumia bwawa fupi la hoteli au bahari. Tunaweza?

Bwawa fupi ni neema kwa kazi hii, kwa sababu kuta ni nyingi. Kina cha mita 1.2 kinatosha kusukuma ukuta na kupiga mateke, ila msiruke kichwa mbele katika kina hicho. Baharini hakuna ukuta wala alama, kwa hiyo tumieni kwa mazoezi ya wimbi la mwili tu, mahali pa kina cha kiuno, maji yakiwa yametulia, mbali na njia ya vyombo, na mtu wa kuwaangalia.

Kipepeo chetu kimeshafika mbali. Mkenya Jason Dunford aliweka rekodi ya Olimpiki ya 51.14 kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo Beijing mwaka 2008, rekodi iliyovunjwa katika mchujo uliofuata, kisha akawa wa tano fainali. Miaka miwili baadaye alichukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi.

Na mtindo wa kifua?

Teke moja tu la pomboo baada ya kuanza na baada ya kila mgeuko, nalo lipigwe kabla ya teke la kwanza la kifua. Ruhusa hii ilikuja mwaka 2005, baada ya mabishano makali yaliyofuata ushindi wa Mjapani Kosuke Kitajima kwenye mita 100 kifua Athens mwaka 2004. Mawili, unaenguliwa.

Sina kamera ya chini ya maji. Nitajuaje makosa yangu?

Mwenzako avae miwani, ashike ukuta wa pembeni kwenye alama ya mita 7, azamishe kichwa wakati unapita. Mpe kitu kimoja tu cha kuangalia kila safari: kwanza mikono imetulia, kisha magoti, kisha miguu inapanda ikiwa imenyooka. Akuambie alichokiona kabla hujaulizia muda. Halafu badilishaneni, kwa sababu ukishayaona magoti ya mwenzako yakizama, utayahisi yako.